Simu Isiyo na Tundu la Chaji, Nani Anaitaka?

Toleo lililopita niligusia kidogo habari ya simu zisizo na tundu lolote, yaani hamna pa kuchomeka chaja, hamna pa earphone, hamna hata pa kuweka laini, nikadhani nimepita tu kumbe nimechokoza nyuki. Meseji zimejaa. Nimechagua chache, zingine zimejirudia na zingine ni matusi, hizo nimebaki nazo mwenyewe.

*Kaka habari za kazi. Simu yangu nimeshabadilisha tundu la chaji mara 3 ndani ya miaka 2, vumbi la huku ntafanyaje. Ni kweli simu zinazokuja hazitakuwa na tundu kabisa? Kama ni kweli mi naanza kuchanga sasa hivi. – Mwenye Vumbi, Dodoma*

Changa lakini usikimbilie dukani. Kutengeneza simu ya hivyo sio kazi tena, kazi ni kuiuza. Januari 2019 kampuni ya Meizu ya China ilitoa simu inaitwa Zero, haina tundu hata moja la kuchomeka kitu, sauti inatokea kwenye kioo chenyewe, chaji unailaza tu kwenye sahani yake. Wakaipeleka mtandaoni wachangishe dola 100,000, wakaishia chini ya nusu, alafu bosi mwenyewe akaja kusema ile ilikuwa michezo ya watu wa masoko. Mwezi huohuo Vivo nao wakaonyesha ya kwao, Apex 2019, ila hao walikuwa wajanja, chaji ilipita kwenye vidoti vya chuma mgongoni vinavyoshikwa na sumaku. Dukani haikufika.

Wenye subira ni Apple. Hao wanaziba tundu mojamoja kama mtu anayehama nyumba usiku. 2016 wakatoa tundu la earphone kwenye iPhone 7, tukalalamika weee tukazoea. 2022 simu zao za Marekani zikaja bila kisahani cha laini. 2025 wakatoa iPhone Air, hiyo dunia nzima ni eSIM tu, yaani laini iliyojengwa ndani ya simu isiyo na kadi ya kuchomeka, wengi tulijua hapo ndo tundu la chaji linaondoka, lakini taipu C ikabaki palepale chini katikati.

Alafu kuna watu wanasema Ulaya wamekataza simu bila tundu. Hapana, sheria yao inayotumika kwa simu tangu tarehe 28 Desemba 2024 inasema simu ikichajiwa kwa waya basi waya uwe wa USB-C, hiyohiyo taipu C. Simu isiyochajiwa kwa waya kabisa haiguswi. Kwa hiyo mlango uko wazi, ni vile tu hamna anayetaka kuwa wa kwanza kupita.

Sasa na wewe, kabla hujabadilisha tundu mara ya 4, hebu zima simu, chukua kijiti cha kuchokolea meno cha mti, sio sindano, sindano ni chuma itakukunjia vile vimeno vya ndani, chokoa taratibu. Nilivyokuwa nakaa meza moja na mafundi nimeona tundu nyingi "zilizokufa" zikifufuka kwa kutolewa vumbi la mfuko wa suruali. Aliyekubadilishia mara 3 alikuwa anajua hilo, mi sisemi kitu.

*Mwanangu, mjukuu kaniletea toka Dubai chaja ya kulaza simu juu yake. Mara inachaji mara haichaji mpaka niisogezesogeze kama naweka sufuria kwenye mafiga. Alafu naomba uniambie ukweli, inakula umeme kiasi gani maana LUKU napambana nayo. – Mama Duka, Tanga*

Shikamoo mama. Mfano wako wa mafiga naukopa. Ndani ya ile sahani kuna waya umezungushwa kama konokono, tunauita koili, na mgongoni kwa simu kuna mwingine. Umeme ukizunguka kwenye koili ya chini unatengeneza nguvu ya sumaku inayobadilikabadilika, na hiyo ikipita kwenye koili ya juu inazaa umeme tena. Aliyeligundua jambo hilo ni Michael Faraday kule Uingereza mwaka 1831, yaani sio uchawi wala sio jipya. Tatizo ni kwamba koili mbili zinatakiwa zikae moja juu ya nyingine sawasawa na zikaribiane kwa milimita chache tu, ukilaza upande umeme mwingi unamwagika njiani. Ndo maana unasogezasogeza. Kava kama ni nene livue, na kama nyuma umebandika ile pete ya chuma ya kushikia, hiyo ndo adui namba moja.

Ugonjwa huo ndo uliofanya Apple waweke duara la sumaku kwenye iPhone 12 mwaka 2020, simu inajinasa yenyewe pale panapotakiwa. Baadaye wakakubali umoja wa makampuni ya chaji hizi uchukue wazo hilo uliweke kwenye kiwango cha wote kinachoitwa Qi2, ile Qi isome "chi", kikatangazwa 2023. Na siku hizi sio za matajiri peke yao, Infinix Note 40 Pro ya 2024 ilikuja na sumaku na chaji ya wati 20 bila waya.

Ya LUKU sasa, twende taratibu. Betri ya mAh 5000 inabeba kama wati-saa 19. Kwa waya utavuta ukutani labda 23, kwa sahani tuseme 28, inategemea ulivyoilaza. Tofauti ni 5 hivi kwa siku. Uniti moja ni wati-saa 1000. Ukichaji kila siku mwaka mzima, umepoteza uniti 2 hivi. Mama, hiyo ni pasi ya nguo mara mbilitatu. Usimgombeze mjukuu.

Ila ningekuwa nachajia kwenye pawabanki au sola ndogo ya wati 20 na wingu limetanda, hapo ningeshika waya wangu mapema, maana hapo kila wati ina jina lake.

Na kadi ya benki usiiweke kati ya simu na sahani, hata ikiwa ndani ya kava. Inaweza kuharibika.

*Braza, wewe unashabikia tu, sisi mafundi tutakula wapi? Sistimu chaji ndo inanilipia kodi ya meza. Na kuflash je, yaani kuiwekea simu programu yake upya, tutachomeka wapi kompyuta? – Fundi Kijana, Kariakoo*

Mdogo wangu, sijashabikia, soma tena. Na swali lako ndo swali lenyewe, wengine wote wanaongelea kuchaji wakati tundu lile linafanya kazi mbili. Kuchaji ni ile inayoonekana. Ya pili ni mlango wa dharura. Simu imegoma kuwaka imekwama kwenye nembo, unaingilia wapi? Tunduni. Kioo kimepasuka hakigusiki na mteja analia picha za marehemu mama yake ziko ndani, unachomeka kebo na mausi, unafungua, unahamisha. Sasa niambie kwenye simu isiyo na tundu unaanzia wapi na Bluetooth yenyewe inataka kwanza mtu agonge "kubali" kwenye kioo kilichokufa.

Makampuni wanajua, na dawa wanayo, ila angalia dawa iko mfukoni kwa nani. Saa za Apple zilikuwa na tundu la siri pale mkanda unapoingia, la mafundi wao. Series 7 ya 2021 likatoka, sasa wanaongea na saa kwa mawimbi ya gigahezi 60.5 kwa kutumia kifaa chao maalum. Iko dukani kwao, sio mezani kwako. Alafu iPhone 16 ikaja na uwezo wa kufufuliwa na iPhone nyingine iliyo karibu bila kebo, hiyo angalau mtu yeyote mwenye iPhone ya pili anaweza, lakini inafanya kile tu walichoruhusu wao. Kuflash kwa maana yetu, kwamba unatafuta faili unajaribu unakosea unajaribu tena, hiyo inataka tundu au inataka ufungue simu ukaguse sakiti moja kwa moja.

Kwa hiyo kodi ya meza haitakufa ila itahama. Simu ya kuchaji kwa wayalesi haiwezi kuwa na mgongo wa chuma, chuma kinazuia, ndo maana za bei zina mgongo wa kioo, na vioo vinapasuka. Koili yenyewe imebandikwa pale nyuma, mtu akibadilisha mgongo kwa pupa anaichana. Anza kujifunza kufungua migongo kwa joto bila kuunguza koili, hiyo ntakwambia wazi ni kazi inayokuja, na bei yake huwezi kuilinganisha na ya tundu.

Na kuna kitu watu wa Ulaya hawakifikirii kabisa. Kwetu chaja ni ya kuazimana. Umeme umerudi saa 4 usiku, ekstensheni moja, simu 6, kebo 2, mnapokezana. Kibanda cha kuchajisha simu kijijini kinaweka simu 20 kwenye ubao mmoja mwembamba, kila moja na kakebo kake. Sasa weka sahani 20 hapo, unataka meza ya harusi. Kebo ikikatika unanunua nyingine kwa machinga kwenye foleni hata dirisha hujafunga. Sahani nzuri ya Qi2 machinga wa foleni hana, na ile aliyonayo mi siilazi simu yangu juu yake.

*Salaam kutoka Muscat. Gari la kazini lina sehemu ya kulaza simu ichaji. Mwezi wa 6 nikiweka na ramani imewashwa simu inakuwa kama imetoka kwenye tanuri na chaji inagoma. Ni mbovu? – Dereva*

Sio mbovu kaka, inajiokoa. Ule umeme niliosema unamwagika njiani unageuka joto, joto hilo liko sentimita sifuri kutoka kwenye betri, juu yake ramani inachosha prosesa, alafu juu yake tena Juni ya Muscat inayopita nyuzi 40. Apple wenyewe wanasema simu zao zitumike kwenye mazingira yasiyozidi nyuzi 35. Betri za lithiamu zinazeeka haraka zikichajiwa zikiwa na moto, kwa hiyo simu inapunguza au inasimamisha chaji. Mi mwenyewe niliwahi kununua sahani ya gari ya bei ya kutupa, miezi michache betri ikaanza kushuka kama mtu kafungua bomba. Wewe tumia kebo mchana, simu iweke kwenye upepo wa eisii, sahani iache kwa usiku. Na angalia kama chini ya simu hakuna sarafu au funguo, chuma kidogo pale kinapata moto kabla ya simu.

*Kaka, baba yangu amewekewa kifaa cha kusaidia mapigo ya moyo. Tumemnunulia simu mpya yenye sumaku nyuma. Kuna shida? – Binti wa Mombasa*

Asiiweke mfuko wa shati. Apple kwa simu zao wanasema kifaa cha moyo kikae mbali na simu zaidi ya sentimita 15, na simu ikiwa inachajiwa bila waya zaidi ya sentimita 30. Kwa hiyo asilale nayo kifuani ikiwa kwenye chaja. Na kwenye kliniki yake ya kawaida mwambieni daktari aina ya kifaa na aina ya simu, atawajibu vizuri kuliko mimi. Mpe pole na salamu zangu mzee.

*Mwanafunzi kutoka Bujumbura anauliza kama ni kweli kuna chaji inayoruka hewani chumba kizima.*

Xiaomi walionyesha Januari 2021, boksi linatupa wati 5 umbali wa mita kadhaa. Dukani sijaliona. Nikola Tesla naye alianza kujenga mnara New York mwaka 1901 akiota kutuma umeme bila nyaya, hela ikaisha, mnara ukabomolewa 1917. Kadiri unavyosogea mbali ndivyo unavyopoteza, na hakuna kampuni inayoweza kuihonga fizikia. Nenda kamalize homuweki.

*Kijana, nasikiliza mpira redioni kwa simu. Bila tundu ntasikilizaje? Na mjukuu anasema nitumie Bluetooth. – Mzee wa Redio, Morogoro*

Shikamoo mzee. Mjukuu ana nusu ya haki. Kurusha nyimbo na video bila waya tulishazoea tangu enzi za Xender, hapo tundu halina kazi. Lakini redio ya FM ya simu inatumia waya wa earphone kama antena, ndo maana ukiichomoa inakoroma. Earphone za Bluetooth hazina waya wa kunasa mawimbi, utabaki na redio ya intaneti, na hiyo inakula bando na inachelewa, jirani mwenye redio ya kawaida atashangilia goli wewe bado mpira uko katikati ya uwanja. Shikilia simu yako ya sasa hivyohivyo, na earphone ukiona zinaanza kukwaruza nunua pea mbili.