Mnyama mwandani wa mhusika mwenye fani mbili: namba zipi zikue na zipi zibaki

Ndugu, umeeleza kwamba katika mchezo unaousimamia, mchezaji wako mwenye renja (mwindaji wa porini anayeandamana na mnyama) wa ngazi ya 5 anataka kuchukua ngazi 5 zinazofuata katika fani ya mnyemeleaji, ile ya wezi na wapelelezi, na kwamba una hofu mbili zinazovutana: mbwa mwitu wake akibaki alivyo atageuka mzigo, na ukimkuza kwa kufuata ngazi zote za bwana wake, wachezaji wengine watalalamika kwamba mtu mmoja amepewa wahusika wawili. Nimesimamia mchanganyiko huohuo kwa muda mrefu, tukitumia toleo la 5 la mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika, Dungeons & Dragons pamoja na kanuni za mnyama wa renja zilizotolewa mwaka 2020, na nilikosea pande zote mbili kabla ya kupata kipimo kilichotulia.

Kabla ya kubadili chochote, zitenganishe namba za mnyama kwa kuuliza kila moja inakua kwa kufuata ngazi ipi. Katika kanuni hizo za 2020, kinga ya mnyama wa nchi kavu (namba ambayo adui lazima aifikie kwa dadu ili ampige) ni 13 pamoja na bonasi ya ustadi ya bwana wake, na madhara ya pigo lake ni dadu ya pande 8, kuongeza 2, kuongeza bonasi hiyohiyo. Bonasi ya ustadi hufuata ngazi za mhusika kwa jumla, haijali amezipata katika fani gani. Pointi za uhai, kwa upande mwingine, ni 5 pamoja na 5 kwa kila ngazi ya renja peke yake. Kwa hiyo mchezaji wako atakapofika ngazi ya 10 kwa jumla, mnyama wake atakuwa na kinga 17 na wastani wa madhara 10.5, sawasawa kabisa na mnyama wa renja kamili wa ngazi ya 10, lakini uhai wake utakuwa 30 wakati wa mwenzake ni 55. Maana yake ni kwamba mnyama huyu hadhoofiki kwa jumla kama wengi wanavyodhani. Anauma vilevile na kukwepa vilevile. Kinachomwangusha ni uhai tu, na dawa inapaswa kuelekezwa hapo.

Pengo hilo huwa baya zaidi kadiri ngazi zinavyopanda. Chukua mhusika mwenye ngazi 3 za renja na 17 za fani nyingine: mnyama wake ana kinga 19, ambayo ni nzuri sana, na uhai 20. Joka jekundu lililokomaa hutoa pumzi ya moto yenye wastani wa madhara 63, na anayefanikiwa kujinusuru hupata nusu, yaani 31. Mnyama huyo hufa hata dadu ikimwendea vizuri, na hapo kanuni zimemnyima mchezaji nafasi yoyote ya kufanya uamuzi wa maana. Hali ya namna hiyo ndiyo ninayoiita kasoro ya mizani, kwa sababu mnyama kuwa dhaifu ni jambo moja, na mnyama asiyeokolewa na mbinu yoyote ni jambo jingine.

Inafaa kujua kwamba tatizo hili ni la zamani na limejibiwa kwa njia tofauti. Katika toleo la 3.5 la mchezo huohuo, lililotoka mwaka 2003, mnyama alifuata ngazi za druidi, yaani fani ya kuhani wa maumbile, na renja alihesabiwa nusu ya ngazi zake. Druidi wa ngazi ya 5 aliyechukua ngazi 5 za mchawi alikuwa na mbwa mwitu mwenye dadu 4 za uhai (dadu za kuhesabia pointi zake za uhai), ilhali druidi kamili wa ngazi ya 10 alikuwa na mwenye dadu 8; na kwa kuwa katika toleo hilo hata uwezo wa kushambulia ulitokana na dadu hizo, mnyama alipungukiwa na kila kitu kwa pamoja. Baadaye kikaongezwa kipaji maalumu kilichompandisha mnyama kwa ngazi 3, bila kuzidi ngazi ya mhusika mwenyewe. Toleo la mwaka 2019 la Pathfinder, mchezo mwingine wa namna hii, lilikwenda njia ambayo kwangu ni safi zaidi: namba za msingi za mnyama hufuata ngazi ya mhusika moja kwa moja, lakini kumkuza kutoka mchanga hadi aliyekomaa na kuendelea kunagharimu vipaji ambavyo mchezaji angevitumia kwa jambo jingine. Hapo mtu analipia ubora wa mnyama, na uhai wa kawaida unakuja bure.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuacha kanuni zilivyo, na mchezaji akaacha kumleta mnyama wake vitani. Kosa la pili lilikuwa kumpa mnyama ngazi zote za bwana wake, na madhara yake yalinishangaza. Nilitarajia malalamiko kuhusu pigo, kumbe shida ilitoka kwenye uhai ule wa 55. Shambulio la kunyemelea, silaha kuu ya fani ya mnyemeleaji, hufanya kazi pale ambapo mwenzako aliye hai na mwenye fahamu amesimama karibu na adui, na mnyama anahesabiwa kuwa mwenzako. Mnyama mwenye uhai mwingi asiyeondoka ubavuni mwa adui alimhakikishia bwana wake dadu 3 za pande 6 kila zamu, yaani wastani wa 10.5 juu ya mengine yote, huku akibeba mapigo ambayo mchezaji wa mpiganaji aliyajengea mhusika wake mzima. Mchezaji huyo hakulalamika, alinyamaza tu kwa vipindi viwili, na mimi nililichukulia kwa uzito kuliko ambavyo ningechukulia lalamiko.

Kipimo ninachotumia sasa ni hiki: mnyama hupata 5 za msingi, 5 kwa kila ngazi ya renja, na 2 kwa kila ngazi ya fani nyingine. Mnyama wa mchezaji wako atakuwa na uhai 40 katika ngazi ya 10. Uchawi wa mpira wa moto wenye wastani wa madhara 28 unamjeruhi vibaya bila kumwua, na wa pili kama huo unamwua hata akifanikiwa kujinusuru. Kwa hiyo bwana wake ana zamu moja ya kuamua kama amrudishe nyuma. Yule wa ngazi 3 na 17 atakuwa na uhai 54, na sasa akijinusuru pumzi ya joka anabaki amesimama. Nimeijaribu namba 3 pia, na niliiona imezidi, kwa sababu mnyama alikaribia mno yule wa renja kamili, hata mwenye renja kamili asione faida ya subira yake.

Kuna hali moja ninayoitenga, na naona ni haki kufanya hivyo. Kanuni za 2020 humruhusu renja kumrudisha mnyama aliyekufa ndani ya saa moja kwa kutumia kitendo na nafasi yoyote ya uchawi (kibali cha kufanya uchawi mara moja) kuanzia daraja la 1, naye hurejea baada ya dakika moja akiwa na uhai wote. Renja wa ngazi ya 5 aliyechanganya na ngazi 5 za mnyemeleaji ana nafasi 6 kwa siku, renja kamili wa ngazi ya 10 ana 9, lakini aliyechanganya na ngazi 5 za druidi ana 11. Huyo wa mwisho tayari amelipwa kwa njia nyingine, na kwa hiyo nampa nyongeza ya 1 badala ya 2.

Jambo ambalo nakusihi usiliguse ni vitendo. Kumwamuru mnyama kunatumia kitendo cha ziada, na mnyemeleaji hukihitaji kitendo hichohicho kwa kukimbia, kujitoa au kujificha. Mchezaji wako ataomba uamuru wa bure, na ombi lake litasikika la busara, lakini mgongano huo ndio bei ya mchanganyiko wake. Asipoamuru, mnyama hujikinga tu, na bado anamfungulia bwana wake shambulio la kunyemelea kwa kusimama pale alipo. Tena anaweza kutoa shambulio lake moja ili mnyama ashambulie. Njia zimo ndani ya kanuni. Kazi yake ni kuchagua.

Mkihamia kanuni za mwaka 2024, hesabu inabadilika kidogo. Kinga na madhara ya mnyama sasa hufuata bonasi inayotokana na hekima ya renja badala ya bonasi ya ustadi, na uhai umebaki ulivyokuwa. Mchezaji anayeelekeza kila kitu kwenye wepesi ataona mnyama wake akidumaa pande zote, na hapo namba 3 uliyoniona nikiikataa huenda ikafaa.

Kuhusu muda wa meza, mtake arushe dadu ya kushambulia na ya madhara kwa pamoja, na atangaze zamu yake na ya mnyama kwa sentensi moja. Na akiuliza kuhusu shambulio la pili la mnyama, mjibu waziwazi kwamba linapatikana katika ngazi ya 11 ya renja na hutalitoa mapema. Akimaliza ngazi zake 5 za mnyemeleaji kisha akarudi kwenye renja, atalifikia akiwa na ngazi 16 kwa jumla, na mwonyeshe hesabu hiyo leo, kabla hajachukua ngazi ya 6.