Wathibiti ubora wanakuja, ninunue faili?

SWALI: Nina shule ya msingi ya bweni huku Igoma, Mwanza. Ukuta upo, kamera zipo, mlinzi yupo. Wathibiti ubora wa shule wanakuja, na jamaa mmoja anataka laki sita aniandalie "faili la usalama wa mtoto". Nimlipe?

JIBU: Usimpe hata mia. Kazi hii nimeifanya tangu tukiitwa wakaguzi, na mafaili hayo nayajua. Moja nililifungua ukurasa wa tatu nikakuta jina la shule nyingine, tena ya mkoa mwingine.

Kinachonichosha zaidi ni hii imani ya ukuta. Anayemdhuru mtoto mara nyingi haruki ukuta, anapita getini akiamkiwa shikamoo: mwalimu, dereva wa basi, mpishi. Wakati mwingine ni mwanafunzi mkubwa anayelala kitanda cha juu. Nyaraka tunasoma, ndiyo, lakini tunazilinganisha na tunayoyaona na wanayotuambia watoto walimu wakiwa mbali. Mimi huuliza: ukiumizwa usiku, unamwambia nani? Wakianza kutazamana, nimeshajibiwa.

Chukua kitabu cha adhabu. Kanuni zinataka viboko visizidi 4, atoe mwalimu mkuu au aliyemruhusu kwa maandishi, na kila adhabu iandikwe. Naletewa kitabu cha mwaka mzima, kalamu moja, mwandiko mmoja, kila mtoto viboko viwili. Nje, mtoto wa darasa la nne anavuta soksi zisionekane alama. Sanduku la maoni nalo limetundikwa mlangoni kwa mwalimu mkuu, na ufunguo anao yeye. Nani atatumbukiza karatasi hapo?

Halafu mabweni. Septemba 2020 moto wa bweni kule Kyerwa, Kagera, uliua wanafunzi 10. Bado naingia mabweni yenye mlango mmoja, nondo zimechomelewa kila dirisha, kufuli liko nje na ufunguo matroni kaondoka nao sokoni. Nikiuliza, naambiwa ni kwa ajili ya wezi.

Wenye shule wa kanda hii, wauza mafaili wanawapa ripoti, hawawapi ulinzi. Hiyo laki sita mwite nayo fundi wa kuchomelea, akate nondo na kuweka dirisha linalofunguka kwa ndani, na kila mtoto aijue kwa kichwa namba 116, ile simu ya msaada kwa mtoto. Hilo halihitaji faili.