Chungwa langu liligeuka tope

Mara ya kwanza kuchora bustani kwa rangi ya mafuta wakati wa majani kupukutika, nilianza asubuhi na rangi ya chungwa inayowaka, nikamaliza jioni na tope. Ungedhani mtu kafutia viatu kwenye turubai, kitambaa cha kuchorea.

Kosa lilikuwa la haraka. Nilipaka anga la buluu, kisha nikarundika chungwa juu yake likiwa bado bichi. Buluu na chungwa zikikaa jirani hukolezana. Zikikorogwa pamoja huuana. Na rangi ya mafuta haikauki kwa kuvukiza maji. Mafuta yake huvuta oksijeni hewani yakaganda polepole, kwa siku kadhaa, kwa hiyo kila brashi yangu ilipopita ilizoa rangi ya chini.

Siku hizi naanza na rangi tulivu. Kijivu cha kuelekea buluu, nimekilegeza kwa tapentaini, kimiminika cha kuyeyushia rangi, nakipaka popote penye kivuli, vigogo na njia. Nakiacha kikauke. Hapo ndipo nagusa chungwa, tena kidogo kuliko unavyofikiri, maana kando ya kijivu hicho linajiwakia lenyewe. Mchoraji Van Gogh alipochora majani yakianguka kule Arles, Ufaransa, mwaka 1888, vigogo alivipa zambarau-buluu, ardhi ikawa zulia la chungwa na njano. Wengi wetu tungevipaka kahawia kwa sababu tu tumeambiwa miti ni kahawia.

Kwa kichaka chekundu naacha brashi, nashika kisu cha rangi. Nachota nyekundu na njano kwenye ncha moja bila kuzichanganya, nagandamiza, navuta, nainua mkono. Pembeni hubaki tuta dogo la rangi lenye kivuli chake, na jicho linaona jani. Nikirudia pale pale mara ya tatu, jani limekufa. Majani yenyewe usiyahesabu. Finya macho mpaka bustani ibaki mabaka matano au sita, uchore hayo. Picha za simu nazitumia kukumbuka umbo tu, kwani mara nyingi vivuli huvitoa vyeusi, ilhali jua likiwa chini vivuli huwa na buluu nyingi.

Tabaka za chini ziwe nyembamba, za juu ndizo ziwe na mafuta zaidi, la sivyo picha itapasuka baadaye. Vanishi ya mwisho ingoje miezi 6, au zaidi palipo na rangi nene. Na matambara yenye mafuta ya kitani usiyafinyange ukayatupa pembeni: hujipasha moto yenyewe na yanaweza kuwaka. Mimi nayatia kwenye kopo la bati lenye maji na kifuniko.

Ile turubai ya tope sikuitupa. Niliikwangua usiku ule ule, likabaki doa la kijivu chenye joto, na lilipokauka nikachora bustani ileile juu yake. Njia ya katikati sikuigusa kabisa. Ni lile doa.