Kofia ya partît si kosa la chapa

SWALI: Shikamoo mwalimu. Niko Kigoma, najifunza Kifaransa na huu ni mwaka wangu wa pili. Kwenye fotokopi ya hadithi tuliyopewa darasani kuna sentensi hii: Il fallait qu'elle partît avant que la nuit tombât. Nimetafuta partît na tombât kwenye kamusi, hazimo. Nikadhani ni passé simple, ule wakati uliopita wa vitabuni, iliyokosewa kuchapwa, nikazifuta zile kofia, alama ya ^ juu ya herufi, kwa wino mweupe. Mwenzangu anasema hiyo ni subjonctif imparfait, na kwamba kila kitenzi kina jedwali lake la kukariri. Ni kweli? Na kuna anayeitumia bado, au tunasumbuliwa bure?

JIBU: Marahaba. Mwenzako amepatia jina, amekosea habari ya majedwali. Wewe kwanza zirudishe hizo kofia, maana umefuta kitu pekee kilichokuwa kinakuonyesha ni umbo gani la kitenzi.

Kwenye kamusi hukuzipata kwa sababu ileile ambayo huwezi kulipata neno "tulipoondoka" kwenye kamusi ya Kiswahili. Tafuta partir na tomber. Sentensi nzima inasema: ilibidi aondoke kabla usiku haujaingia.

Sasa litazame hilo neno "aondoke". Sisi tunasema inabidi aondoke, na jana yake ilibidi aondoke. Ile -e ya mwishoni haijali kama shauri ni la leo au la mwaka juzi. Kifaransa cha vitabuni kinajali. Kitenzi kinachotangulia kikiwa cha sasa, kinachofuata huwa cha sasa: il faut qu'elle parte. Kikirudi nyuma, au kikiwa na maana ya "inge-", kinachofuata nacho kinavutwa nyuma: il fallait qu'elle partît, il faudrait qu'elle partît. Hiyo parte nitaiita tegemezi ya leo, na partît, yaani subjonctif imparfait ya mwenzako, tegemezi ya zamani, tusichoshane na majina marefu.

Kuiunda ni kazi ya dakika moja, mradi passé simple unaijua. Chukua nafsi ya pili umoja, ile ya tu: tu parlas, tu finis, tu fus, tu vins. Zote zinaishia na s. Usiiguse hiyo s. Bandika baada yake -se, -ses, -sions, -siez, -sent, basi umemaliza nafsi tano kati ya sita. Parlas inazaa que je parlasse, que tu parlasses, que nous parlassions, que vous parlassiez, qu'ils parlassent. Vins inazaa que je vinsse, que tu vinsses, que nous vinssions na kuendelea.

Iliyobaki ni nafsi ya tatu umoja. Hapo s inaondoka, irabu inavaa kofia, na t inakaa mwishoni: qu'il parlât, qu'il finît, qu'il fût, qu'il vînt.

Kwa hiyo hakuna jedwali la kila kitenzi. Kuna irabu nne tu za kukumbuka. Vitenzi vyote vya -er, hata aller, vinachukua a: qu'il allât. Kundi la i lina finir, partir, na vingine vingi visivyotabirika: faire ni fît, voir ni vît, prendre ni prît, mettre ni mît, naître ni naquît. Kundi la u lina wakubwa wa lugha: être ni fût, avoir ni eût, pouvoir ni pût, devoir ni dût, savoir ni sût, vouloir ni voulût, falloir ni fallût, vivre ni vécût. Kundi la in ni la tenir na venir pamoja na watoto wao, kama devenir na retenir. Ukiona ugumu hapa, jua ugumu si wa tegemezi, ni wa passé simple ambayo hukuimaliza mwaka wa kwanza. Rudi huko. Kitenzi ninachojua mimi kinachokataa kofia ni haïr, kuchukia: kwa kuwa i yake imeshavaa nukta mbili, haina pa kuweka kofia, kwa hiyo ni qu'il haït.

Kofia yenyewe ina historia, na ukiijua hutaisahau tena. Zamani Wafaransa waliandika qu'il fust, qu'il parlast, kwa s kabisa, kwani umbo hili limetoka kwenye Kilatini: amavisset ilifupizwa ikawa amasset, kisha aimast. Watu wakaacha kuitamka hiyo s, na mwaka 1740 kamusi ya Académie française, chombo kinachosimamia lugha yao, toleo la tatu, ikaziondoa s nyingi za namna hiyo. Kwenye maneno mengi kofia ikakaa mahali pake kama alama ya kaburi. Ndiyo maana sisi tuna hospitali yenye s na wao wana hôpital yenye kofia. Kila uonapo fût, soma kimoyomoyo fust. Hata marekebisho ya tahajia ya mwaka 1990, yaliyoruhusu kofia ya i na u iachwe kwenye maneno mengi, hayakuigusa hii.

Hayakuigusa kwa sababu bila kofia maana inapotea. Kwa sikio, il fut na qu'il fût ni kitu kimoja, t haitamkwi. Jicho ndilo linaloamua. Weka hizi mbili pamoja:

Après qu'elle fut partie, il parla.
Avant qu'elle fût partie, il parla.

Ya kwanza ni baada ya yeye kuondoka. Kuondoka kumeshatokea, ni tukio, kwa hiyo passé simple, kichwa wazi. Ya pili ni kabla hajaondoka. Kuondoka bado, kwa hiyo tegemezi, na kofia juu. Wafaransa waliosoma sana hukosea hapa, wakaandika après qu'elle fût kwa kudhani kofia inaipa sentensi heshima. Mimi nimekula mshahara wa kutafsiri hati kwa miaka mingi, na bado kila nikimaliza ukurasa hurudi kuzikagua fut zote moja baada ya nyingine. Njia yangu ni hii: badili fut iwe ya wingi. Ukipata furent, kichwa wazi. Ukipata fussent, kofia. Sikio halidanganyiki tena.

Mtego mwingine ni ss. Ukiona ss usikimbilie kusema ni tegemezi ya zamani. Que je fasse na que je puisse ni za leo. Za zamani ni fisse na pusse. Finir ndiyo inayochekesha zaidi: que je finisse ni ya leo na ya zamani kwa pamoja, huwezi kuzitofautisha, isipokuwa nafsi ya tatu umoja, finisse kwa leo na finît kwa zamani.

Na kucheka ndiko kulikoiua. Tamka que je pusse, msikilizaji atasikia puce, yaani kiroboto. Mwambie mtu mliyezoeana que vous chassassiez uone kama atakaa na uso mkavu. Nafsi ya tatu umoja ndiyo iliyonusurika, kwa vile haina mlio wa ajabu. Serikali ya Ufaransa nayo ililegeza kamba mapema: amri ya tarehe 26 Februari 1901 ya Waziri Georges Leygues iliwaruhusu watahiniwa kuandika il faudrait qu'il vienne mahali pa qu'il vînt, na ile ya tarehe 28 Desemba 1976 ikaruhusu hivyo hata baada ya kitenzi cha wakati uliopita. Leo mtu anasema je voulais qu'il vienne, nilitaka aje, na hakuna anayegeuka kumtazama. Kwa maneno mengine Kifaransa cha mdomoni kimefika pale ambapo -e yetu imekaa siku zote.

Wewe msemaji wa Kiswahili una mfano mzuri nyumbani. "Ningalijua ningalikuja" unaielewa, ukiikuta kitabuni hushtuki, pengine bibi yako bado anaisema. Lakini sokoni unasema ningejua ningekuja, na -nge- inafanya kazi zote mbili. Tegemezi ya zamani iweke kwenye rafu hiyohiyo. Nilipokuwa kijana sikuiweka huko. Niliandika barua ya kuomba kazi kwa Kifaransa nikaimalizia je souhaiterais que vous me répondissiez, nikajiona nimefika. Walinijibu, na kwa adabu, lakini aliyejibu aliongeza mstari mmoja kwamba barua yangu ilimkumbusha babu yake. Kazi sikupata.

Kwa hiyo kuzisoma, jifunze zote sita. Kuziandika, tosheka na nafsi ya tatu umoja, tena kwenye maandishi mazito tu. Ila kuna vipande vilivyoganda ambavyo bado viko hai, na hivyo vikariri kama vilivyo. Ne fût-ce qu'une heure ni "japo saa moja tu". Wafaransa wengi siku hizi husema ne serait-ce que, ila Wabelgiji bado wanaipenda fût-ce, kwa hiyo ukivuka ziwa kwenda Kongo usishangae kuisikia. Dût-il en mourir ni "hata kama ni kufa". Fût-il roi, "hata angekuwa mfalme". Plût à Dieu, "laiti Mungu angejalia". Na il eût fallu le dire ni il aurait fallu le dire iliyovaa kanzu ya Ijumaa, "ingalipasa kusemwa". Eût hii utaikuta sana magazetini na kwenye hukumu za mahakama, bila que yoyote mbele yake, na kofia ikidondoka sentensi inavunjika.

Zoezi: kwenye fotokopi yako tafuta kila fut, eut, vint na fit, uzigeuze wingi kama nilivyoonyesha. Wino mweupe unakwanguka kwa ukucha ukishakauka.