Tuta likishalimwa, kinabaki nini?

SWALI: Shikamoo mtaalamu wa mambo ya kale. Nimehamia magharibi mwa Uingereza, karibu na mpaka wa Wales, na Jumapili hutembea kwenye njia ya Offa's Dyke, inayoitwa kwa jina la tuta la kale la udongo la huku mpakani. Pale mji wa Knighton tuta lipo, halina ubishi. Mbele kidogo ramani ikaniambia lipo pia, nami sikuona ila shamba la shayiri, sawa kama mkeka. Trekta likishapita, kinabaki nini? Au mnabahatisha?

JIBU: Marahaba. Kwanza hakikisha ramani ilikuonyesha tuta lenyewe, si njia ya watembeaji. Njia hiyo, iliyofunguliwa mwaka 1971, ina urefu wa kilometa 285 na mara nyingi huliacha tuta. Mwisho wake wa kaskazini, Prestatyn, tuta halipo kabisa. Kwenye ramani za Ordnance Survey, shirika la ramani la Uingereza, magofu ya kale huandikwa kwa herufi za mtindo wa kizamani.

Kama ni tuta kweli, basi ulitafuta kile kinachotangulia kufa. Ngome ya namna hii ni vitu viwili: handaki upande wa Wales, na tuta la udongo uliotoka humo, upande wa mashariki. Tuta liko juu ya ardhi, kwa hiyo kila kitu hulila: mvua, kwato za ng'ombe, mashimo ya sungura, miti inayong'oka na mizizi yake. Plau huzidi hao wote, na tingatinga halina subira hata kidogo. Mwaka 2013 kipande cha meta 45 karibu na Chirk kilisawazishwa.

Handaki ni kesi nyingine. Shimo halilimiki. Chini yake hukaa mahali plau haifiki, nalo hujaa udongo laini wa juu, pamoja na tuta lenyewe linaloporomokea ndani. Udongo huo hushika maji kuliko ardhi ngumu ya pembeni. Kazi yetu karibu yote imesimama juu ya tofauti hiyo.

Na shayiri uliyoilaumu ndiyo shahidi wetu bora. Ukame ukibana, iliyo juu ya handaki hubaki kijani na ndefu wakati jirani zake wamekwisha kugeuka manjano. Ukiwa kwenye ndege unaona mstari kama umechorwa kwa kalamu. Kiangazi cha 2018, kilichowatesa wakulima, kilitupatia michoro ya namna hiyo kwa wingi huko Wales.

Mimi huanza na lida. Ndege hupima ardhi kwa miale ya leza, kisha kompyuta huondoa miti na vichaka, na mwinuko mdogo ambao mguu wako hauusikii huonekana. Vipimo hivyo hupatikana bure mtandaoni kwa sehemu kubwa ya mpaka huo. Baadaye tunapita na kipimasumaku, kifaa kinachosoma tofauti ndogo za sumaku ardhini, au tunapitisha umeme ardhini: palipo na unyevu hupita kwa urahisi. Mwisho kabisa, kwa kibali, tunachimba mtaro mwembamba unaokata handaki ili tusome matabaka.

Lakini handaki hutuambia tu lilipita wapi. Lini lilijengwa, jibu mara nyingi limelaliwa na tuta: udongo wa kale uliofunikwa siku ya ujenzi na haujaguswa tangu hapo. Tumezoea kumtaja Offa, mfalme wa Mercia, ufalme wa kale wa Waingereza, kuanzia 757 hadi 796, kwa sababu mtawa Asser aliandika hivyo karibu karne moja baadaye. Huko Chirk, udongo wa majani uliokatwa na kurundikwa ndani ya tuta ulipopimwa kaboni ili kujua umri wake, ulitoa miaka kati ya 430 na 652. Huenda sehemu ile ilianza kabla ya Offa kuzaliwa. Tuta lingekuwa limeshalimwa lote pale, swali hilo lisingeulizwa.

Rudi wakati wa baridi, asubuhi na mapema, jua likiwa chini. Simama pembeni mwa shamba lako na uangalie vivuli. Jembe liache nyumbani.