Mbwa Wetu Naye Anachechemea

Maswali ya wasomaji kuhusu wanyama wa nyumbani. Anajibu Shangazi, afisa mifugo mstaafu, Moshi.

SWALI: Shikamoo Shangazi. Naishi Pasua, hapa Moshi. Mume wangu ni mpagazi wa Mlima Kilimanjaro. Msimu uliopita alikuwa anashuka njia ya Mweka, kule msituni kwenye ngazi za tope, akateleza na mzigo na kuvunjika mguu. Tangu hapo yupo nyumbani, anatembelea magongo. Kampuni iliyompandisha ilitoa hela ya matibabu ya mwanzo, halafu simu zikawa hazipokelewi. Sasa ninahangaika mimi, nauza mboga Mbuyuni, na daftari la madeni la duka la Mangi linanifahamu vizuri.

Tuna mbwa anaitwa Bosi. Tangu baba Neema aanze magongo, Bosi naye anachechemea. Baba akienda chooni, Bosi yuko nyuma, kakunja mguu. Lakini akipita paka wa jirani anachomoka na miguu yote minne, akirudi ndipo anakumbuka kwamba anaumwa, na mara nyingine anakosea, anakunja mguu mwingine! Watoto wanacheka mpaka wanagaragara, na baba yao anacheka, jambo ambalo kwetu limekuwa adimu. Mama mkwe alipokuja kutoka Kibosho kumwona mwanawe alikasirika. Kasema mbwa anamkejeli mgonjwa na sisi tunashangilia, tena tunakopa unga halafu tunalisha mbwa. Anataka tumwondoe. Mume wangu akisikia hivyo ananuna kutwa. Mimi mwenyewe siku hizi haniongeleshi sana, ila na Bosi wanapiga stori kwa Kichagga jioni nzima. Je, ni kosa kuwa na mbwa wakati wa shida kama hii? Na huko kuchechemea ni ugonjwa?
Mama Neema, Pasua

JIBU: Marahaba mwanangu, na poleni sana. Hapo kwenye kukosea mguu nimecheka peke yangu mpaka mjukuu wangu akaja kuchungulia kama niko salama.

Nianze na Bosi kwa sababu ndiye rahisi. Mlaze ubavu, mpanue vidole kimoja kimoja, angalia katikati na pembeni mwa kucha. Mbwa wa mitaa ya vumbi nimewatoa funza wengi: utaona uvimbe mweupe wenye nukta nyeusi katikati. Mtoe kwa pini iliyochemshwa, osha kwa sabuni. Tafuta mwiba pia, na kupe masikioni na kwapani. Kupe huleta homa inayoshika viungo, na mbwa mwenye homa hiyo anaweza kweli kuchechemea leo mguu huu, kesho ule. Lakini huyo huwa amepoa, hali chakula, fizi zimepauka. Hana habari na paka wa jirani. Wako anakimbiza paka, kwa hiyo nadhani nimeshamjua: kuna siku alichomwa na kitu, akachechemea, nyumba nzima ikamkimbilia, akapapaswa, labda akarushiwa na kipande cha ngozi ya nyama. Mbwa hurudia kile kilichomlipa. Wala hajui kwamba bwana wake amevunjika, sembuse kumkejeli. Mama mkwe aambiwe hivyo, kwa adabu, na wa kumwambia awe mwanawe mwenyewe. Likitoka kinywani mwako litakuwa neno la mkamwana.

Chakula. Mbwa wa kienyeji hana makuu. Ukoko wa ugali uliolowekwa kwenye supu ya vichwa vya dagaa, vile unavyovitupa ukisafisha, anashiba na kulala. Pumba peke yake haimtoshi. Kitunguu usimpe hata kilichopikwa, kinaharibu damu yake, na mifupa ya kuku iliyopikwa huvunjika ikawa vipande vyenye ncha. Machinjioni wakikupa mapafu au maini yenye malengelenge ya maji, usimrushie mabichi hata kidogo. Ndani yake mna vijidudu vinavyokua kuwa tegu tumboni mwa mbwa, mayai yakatoka na kinyesi, na watoto wanaomkumbatia wakayala bila kujua. Chemsha mpaka viive kabisa, au vichimbie. Kama hata mlo huo unapunguza sahani ya Neema, basi mpeleke Bosi kwa ndugu mwenye kihamba (shamba la ukoo) na mbuzi wa kulindwa, wala usione aibu. Kwa ulivyoniandikia sioni kama mmefika huko.

Chanjo ya kichaa cha mbwa sibembelezi. Kila mwaka. Muulize afisa mifugo wa kata yenu, hasa kuelekea 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, ambapo mara nyingi huwa kuna kampeni za kuchanja. (Tarehe hiyo ndiyo aliyofariki Louis Pasteur mwaka 1895, mwenye chanjo ya kwanza ya ugonjwa huo.) Na mtoto aking'atwa na mbwa yeyote, awe Bosi, awe wa jirani, osheni jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo. Kichaa kikishaonyesha dalili, mgonjwa haponi.

Kinachonitia hofu hasa ni magongo. Mbwa anayejipitisha miguuni kwa mtu mwenye magongo anaweza kuwarudisha mlikotoka. Baba akitaka kuinuka, Bosi afungwe kwanza au aitwe na mtoto. Na kama kidonda bado kiko wazi, asilambwe. Wazee wetu wanasema mate ya mbwa ni dawa. Mimi nimeyaona meno yake asubuhi, nakuambia si dawa.

Sasa kucheka. Mwaka 2020 watalii walipokatika, hapa Soweto nilikuwa na jirani dereva wa watalii. Gari liliegeshwa, mshahara ukasimama, naye akanunua mbuzi. Kila asubuhi alimtoa kumpeleka majanini, na njiani akimtembeza kama wageni wake: kushoto simba, kulia twiga, tafadhali usishuke kwenye gari. Tena kwa Kijerumani! Mbuzi yule aliijua Serengeti kuliko mimi. Mkewe aliniambia watu walidhani amechanganyikiwa, lakini yeye alishukuru, kwa kuwa kabla ya mbuzi mtu huyo alikuwa halali usiku. Sikuona dharau yoyote pale kwa hali waliyokuwa nayo. Shida ilikuwepo na mbuzi alikuwepo.

Ukitaka maneno ya maabara, yapo. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Azabu, Japani, waliwaacha watu na mbwa wao watazamane, kisha wakapima mikojo ya wote wawili. (Kuna kazi duniani.) Kwa wale waliotazamana kwa muda mrefu, homoni ya oksitosini, ile inayopanda mama anaponyonyesha, ilikuwa imepanda kwa mtu na kwa mbwa pia. Kwa hiyo mumeo akimkodolea Bosi macho jioni, kuna kitu anapata.

Ila mwanangu, umeniandikia habari nyingi za mbwa na sentensi moja tu juu yako: haniongeleshi. Hiyo ndiyo iliyonifanya nichague barua yako. Bosi hamuulizi ada ya shule. Wewe nawe huenda humuulizi, lakini akikuona unarudi na beseni la mboga, ameshaulizwa. Mwanaume aliyezoea kuteremka mlimani na hela mfukoni, ukimwambia "usijali" anazidi kujali. Usianze na mguu wala deni. Ukifika, kabla hujavua khanga, uliza: "Bosi kafanya vituko gani leo?" Atakusimulia, maana hiyo ndiyo habari aliyo nayo. Mwachie pia kazi yote ya mbwa huyo: kumpikia, kumkagua kupe, kumfundisha asikae njiani. Kazi hizo zinafanyika mtu akiwa ameketi. Yakishazoeleka, mazungumzo yenyewe yatahama kutoka kwa Bosi kwenda kwenu, na siku hiyo usimkatize.

SWALI: Shangazi, mimi ni kijana, napanga Unga Limited, Arusha. Mama yangu amefariki, nimerithi paka wake. Kila usiku ananipanda kifuani na kunguruma. Jirani ananiambia huyo paka katumwa. Nimuogope?
Msomaji, Arusha

JIBU: Pole kwa msiba, mwanangu. Joto la paka ni nyuzi 38 hadi 39, limezidi letu, na bado anapenda joto zaidi. Arusha mwezi wa saba, kifua chako ndicho jiko pekee chumbani humo. Aliyemtuma ni baridi. Kunguruma kwake mara nyingi ni kuridhika, ingawa paka mgonjwa naye hunguruma. Ukiona ananguruma huku hali wala hajisafishi manyoya, mpeleke kwa daktari wa mifugo.

Naye amempoteza mtu, usisahau. Kama bado una khanga ya mama, mtandikie usiifue kwanza, harufu anaijua. Ukitaka kulala bila mzigo, iweke kwenye boksi miguuni pako, atahamia taratibu. Akianza kukuamsha alfajiri kwa makucha, hiyo ni njaa, mbakizie kidogo usiku. Viroboto, nunua dawa iliyoandikwa kuwa ni ya paka, maana baadhi ya zile za mbwa zinamuua. Na akiugua usimpe Panadol hata nusu kidonge, nayo inaua paka. Huyo jirani, akirudia habari za kutumwa, muulize panya wa kwake wametumwa na nani.