London itawapa mawazo, mwanga mtautafuta wenyewe

Wadogo zangu wachoraji, msanii anayewaambia kwamba ukifika London mji wenyewe unakuchorea, kila kituo cha treni wazo jipya, amewapa nusu ya habari. Mawazo yapo tele. National Gallery na Tate Modern hazina kiingilio. Unaweza kusimama mbele ya Van Gogh mpaka miguu ikuume. Kinachonikera ni kwamba hasemi utachora saa ngapi.

Desemba jua linachomoza saa mbili asubuhi na kuzama kabla ya saa kumi jioni. Ukiwa unaosha vyombo hotelini mchana, mwanga wa jua utauona siku ya mapumziko tu. Usiku unachora chini ya taa ya njano ya chumba cha kupanga, na taa hiyo inadanganya: njano juu ya nyeupe haionekani vizuri, unaizidisha, asubuhi picha imeharibika. Kabla ya brashi, nunua balbu ya Kelvini 5000, yenye mwanga mweupe kama wa mchana, na kwenye boksi iandikwe CRI (kipimo cha taa kuonyesha rangi kwa usahihi) 90 au zaidi.

Halafu rangi. Mliozoea rangi ya kopo, ile ya mafuta, juu ya hadibodi, kama wachoraji wa Tingatinga, jueni kwamba inakauka kwa kuvuta oksijeni, na baridi inaichelewesha sana. Ukiharakisha tabaka la pili, la chini linabaki laini na la juu linakunjamana. Akriliki nayo, rangi inayochanganywa na maji, chini ya nyuzi 10 hivi chembe zake hazishikani, picha inapasuka. Na thina msiifungue chumba mnacholala, madirisha yote yamefungwa! Matambara yenye mafuta ya linsidi, yale ya kuchanganyia rangi, yakirundikwa huweza kuwaka yenyewe. Yatandazeni nje yakauke.

Kwa hiyo kazi ya rangi ifanyieni nyumbani, mwanga mnao mwaka mzima. Ila macho yenu yanahitaji kuona kazi zile, kwa hiyo njooni kuziona. Msije tu na viza ya masomo mkitegemea kuuza picha: inakataza kujiajiri, na kuuza kazi zako ni kujiajiri. Viza ya matembezi nayo haikuruhusu kuuzia watu.

Njooni mwishoni mwa Mei au Juni, jua linapozama saa tatu usiku hivi. Majira ya baridi ni ya penseli, wino na daftari dogo ndani ya treni. Rangi za kopo na thina ziacheni, ndege hazipakii. Bebeni brashi zenu.